Sura ya Saba: Chui wa Mzee Eizo

Tomoe Nagase hakuuweka chini mkasi wake hata baada ya kuonyeshwa kitambulisho cha polisi. Alimaliza kwanza kukata shingo ya korongo wa karatasi, akamlaza juu ya kitambaa, ndipo akasema, "Karibu, Inspekta. Vua viatu, na uangalie unapokanyaga. Hapo sakafuni kuna miaka ya watu."

Kweli ilikuwa miaka ya watu. Chumba kile cha juu, katika mtaa wa wafumaji wa zamani mjini Kyoto, kilikuwa kimetandazwa postikadi kuukuu na kadi za salamu ukuta hadi ukuta: meli zenye mabomba ya moshi, mabibi wenye miavuli, milima, maua ya plamu, na wanyama wa kila Mwaka Mpya uliowahi kupita. Inspekta Asako Wakui akapita pembeni taratibu, kama mtu anayekwepa mpunga ulioanikwa uani, akapata nafasi ya kukaa.

Wakui alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya upole iliyowaponza wengi. Asubuhi hiyo mkuu wake alimtaka aandike neno moja tu kwenye jalada, "zimepotea", alifunge kabla mwaka haujaisha. Wakui akaitikia ndiyo mkuu, akavaa koti na kutoka bila kuandika kitu. Ukitaka Wakui apunguze mwendo, mwambie afanye haraka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi Kikue Yasui, mjane wa miaka themanini na ushei, aliripoti kwamba kasha la kadi za Mwaka Mpya alizochonga kwenye ubao na kuchapa marehemu mumewe, Mzee Eizo, limetoweka kabatini. Kesho yake mwanawe Masanori akaja kituoni na uso wa kuomba radhi: mama anasahau siku hizi, msijisumbue. Alipoteza mwavuli. Alipoteza kitabu cha benki, kikaja kuonekana ndani ya pipa la mchele. Masanori alikuwa ameshapeleka maombi mahakama ya familia ili awekwe kuwa msimamizi wa mama na mali yake, na kesi ilikuwa Ijumaa. Akikubaliwa, mama anakwenda makao ya wazee, na nyumba ya mababu inauzwa igeuzwe ya kulaza watalii. Kisha, kama vile shetani hakutosheka, Bibi Kikue akamwona jogoo aliyechongwa na mumewe kwenye dirisha la duka la karatasi, amekatwa na kubandikwa kwenye kadi mpya. Akaingia akapiga kelele mpaka wateja wakatoka nje. Masanori akasema: si mnaona wenyewe?

"Yule jogoo ulimtoa wapi?" Wakui akauliza.

"Sokoni, kwa Mzee Dohi, pale langoni mwa hekalu." Tomoe alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilijaa gundi iliyokauka. "Inspekta, mimi siibi. Nanunua vilivyotupwa, navipa kazi tena. Kama hilo ni kosa, basi kamata na wauza chupa wote wa mji huu."

"Sikuja na pingu."

"Umekuja na nini?"

"Maswali tu. Kadi zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili, wanyama wote wa mzunguko, kila mwaka na mnyama wake, panya mpaka nguruwe. Watano nimeshawatumia. Waliobaki hawa hapa."

Akavuta droo. Wakui akavaa glavu na kuwatoa mmoja mmoja, akashangaa kuona wamekuwa wepesi kama ngozi ya kitunguu. Kila kadi ilikuwa uso mtupu. Mgongo, ule upande wa anwani na muhuri wa posta, haukuwepo.

"Migongo iko wapi?"

"Nimeibandua. Kadi naiweka majini, picha juu, naipitishia kijiti cha mwanzi inaachana tabaka mbili. Picha nabaki nayo. Mgongo unakwenda hekaluni kuombewa na kuchomwa."

"Yote?"

"Yote. Wiki iliyopita." Tomoe akaona uso wa Wakui. "Ndivyo tunavyofanya sisi wakataji, Inspekta. Majina ya watu hayakatwi. Unakuta mtu kamwandikia dada yake, wote wawili wameshakufa, mimi nani nipitishe mkasi hapo katikati?"

"Uliyasoma?"

"Siyasomi. Nikiyasoma siwezi kukata."

Wakui akashusha pumzi. Migongo ile ingemaliza kesi kwa dakika moja. Kama ilikuwa na anwani na mihuri, basi kadi ziliwahi kutumwa na zingeweza kutoka nyumba yoyote. Kama ilikuwa mitupu, basi hazikuwahi kutoka kwa mchongaji mwenyewe. Sasa yote ilikuwa majivu, tena majivu yaliyoombewa. Masanori aliwahi kusema kituoni kwamba baba yake alituma kadi kwa mamia kila mwaka, na kwamba hata bwana posta angeweza kuwa na seti. Hakuna aliyeweza kumkanusha.

"Na huyu?" Wakui akainua kipande kimoja. Kilikuwa kiwiliwili na mkia wa chui milia, bila kichwa.

"Kichwa chake kiko kwenye kadi hii." Tomoe akamwonyesha. Chui alikuwa analamba unyayo wake kwa raha zote, kama paka aliyeshiba, na nyuma yake Tomoe alikuwa amebandika bahari kutoka kwenye postikadi ya meli. Ilikuwa kazi nzuri, Wakui alikiri moyoni. "Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Mzee Dohi alinipa bure, nyongeza. Alisema wa bandia."

"Alisema wa bandia?"

"Muulize mwenyewe. Na Inspekta," Tomoe akasimama, na ujasiri wote ukamtoka, "kama ni za wizi, ntarudisha. Ila kukata, nimeshakata."

* * *

Mzee Dohi alikuwa anakula kiazi kitamu cha kuchoma nyuma ya masanduku yake ya viatu. Kila sanduku lilikuwa na postikadi zilizopangwa wima, na kila mpita njia aliyegusa bila kununua alipata jicho lake.

"Siku hizi polisi wanakamata hadi jogoo wa karatasi?" akasema. "Nchi imetulia hii."

"Nani alikuuzia, Mzee?"

"Mwanaume. Barakoa, kofia, miwani. Desemba hii nusu ya Kyoto iko hivyo. Na kwa bei ile sheria hainidai kumwomba muuzaji kitambulisho, hilo unalijua kuliko mimi."

"Bei gani?"

"Bakuli mbili za tambi, tena zisizo na nyama. Na hakubishana!" Mzee Dohi akaweka kiazi chini kabisa, jambo likawa zito. "Nimekaa langoni hapa tangu nywele zangu nyeusi. Mtu wa mji huu anayeuza bila kubishana, ama anaumwa ama anakimbia."

"Alisema chochote?"

"Aliuliza kitu kimoja tu. Hizi unawauzia wakusanyaji au wakataji? Mimi nikadhani ana huruma, hataki zikatwe, nikamdanganya: wakusanyaji, bwana, watu wa heshima. Kumbe nimeharibu! Akaanza kuzirudisha kwenye mfuko. Nikageuka upesi: ah, lakini na wakataji wapo, tena wengi. Basi akaniachia zote, akaenda zake."

Wakui akapima maneno yale. Mwizi wa kawaida anataka fedha. Huyu hakutaka fedha, alitaka mkasi. Alitaka kadi ziishe kiasi kwamba hakuna mtu atakayezitia mkononi tena na kusema, hizi ni zangu. Na hakuna mtu anayejisumbua hivyo kwa ajili ya vitu vilivyotoka kwa bwana posta.

"Niambie habari za chui."

Mzee Dohi akacheka mpaka akakohoa. "Yule? Wa kuchonga jana yule. Kila anayekusanya kadi za Yasui anajua: seti yake, mzunguko mmoja tu aliouchonga, ina wanyama kumi na mmoja. Chui hakuna. Nimewahi kuwa na watu wazima hapa wananililia, Dohi, nitafutie chui, nitakupa unachotaka. Nimetafuta Osaka, nimetafuta Nara, nimefungua makabati ya marehemu wangapi. Hakuna. Sasa ghafla mtu analeta chui ndani ya mfuko wa dukani? Nikasema fundi mjanja amejaziliza pengo. Nikamtupia yule dada mwenye mkasi, basi."

"Kwa nini seti haina chui?"

"Wengine wanasema ubao ulipasuka. Wengine wanasema mtabiri alimkataza. Mimi nasema mwaka ule alikuwa mvivu."

"Na kama yule chui ni wa kweli?"

Mzee Dohi akamtazama. Kicheko kikamtoka usoni taratibu, akamkumbuka chui, akakumbuka mkasi, akakumbuka na wale watu wazima waliomlilia. "Usiniambie hivyo, Inspekta," akasema. "Mimi ni mzee, naweza kuanguka."

* * *

Bibi Kikue alimfungulia Wakui mwenyewe, akamwita kwa jina, akamuuliza kama kile kikohozi cha mara ile kimepona. Wakui, ambaye mwenyewe alikuwa amekisahau, akasema kimepona.

Nyumba ilikuwa nyembamba na ndefu, ya giza mbele na bustani ya kiganja kimoja nyuma. Mzee Eizo alikuwa mchoraji wa nakshi za mishipi ya kimono, na dari lote lilikuwa bado na mabaki ya karatasi zake, zimezibia nyufa. Kabla ya maneno, Wakui akaomba kuwasha udi. Akapiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani, akaweka kijiti kwenye majivu, akafumba mikono. Alipoinua macho aliona vibao viwili vya marehemu, vyeusi, vyenye maandishi ya dhahabu. Cha mbele kilikuwa cha Mzee Eizo. Cha nyuma yake kilikuwa cha mwanamke.

"Huyu ni nani, Bibi?"

"Mama mkwe. Alinitesa, Mungu amrehemu, ila pilau ya uyoga hakuna aliyempita."

Wakui akasogea kusoma tarehe. Mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa arobaini na nane wa enzi ya Showa, yaani 1973. Akahesabu wanyama kwa kidole juu ya goti lake, kama mtoto wa shule. Mwaka ule ulikuwa wa ng'ombe. Uliofuata ulikuwa wa chui.

Akageuka polepole. "Bibi, Mwaka Mpya uliofuata mlituma kadi?"

Bibi Kikue akamtazama kama aliyetukanwa. "Mama mkwe hata siku arobaini na tisa hazijatimia, mimi niwaandikie watu heri na furaha? Mwanangu, wewe umelelewa wapi?"

"Naomba radhi. Nauliza kwa sababu ya kazi."

"Tulituma zile za msiba, za kuwaambia watu mwaka huu tusameheni, hatupokei wala hatutoi salamu. Nyeupe, zenye mstari wa kijivu. Niliziandika mimi, maana yeye mkono ulikuwa unatetemeka."

"Lakini alikuwa ameshamchonga chui."

"Alikuwa anachonga majani yakianza kugeuka rangi, kila mwaka. Alishachapa kumi hivi za kujaribu rangi. Mama alipofariki akazitia kwenye jiko la maji ya kuoga. Moja akaishika, akaitazama, akasema Kikue, huyu sina moyo wa kumchoma. Akamweka kwenye kasha. Na ubao wenyewe akaupasua kuni."

"Hakumpa mtu yeyote? Hata kwa mkono, baadaye?"

"Kadi ya heri ya mwaka wa msiba? Huwezi kumpa hata paka. Hajatoka kwenye kasha lile, Inspekta. Nilikuwa namtoa mimi tu kila Desemba, namtazama, namrudisha."

Wakui alijua neno la Bibi Kikue peke yake halitoshi. Kumbukumbu zake ndizo zilizoshtakiwa. Lakini langoni mwa hekalu kulikuwa na mzee mla viazi, asiyemjua Bibi huyu hata kwa sura, ambaye miaka yote alimtafuta chui asimpate na hakujua kwa nini. Sasa sababu ilikuwa hapa madhabahuni, kwa maandishi ya dhahabu. Watu wawili wasiofahamiana walikuwa wamesema jambo moja.

Akatoa bahasha, akaweka mezani kadi ya Tomoe yenye kichwa cha chui, na kile kipande cha mkia kando yake. Alijiandaa kwa kilio. Bibi Kikue akavaa miwani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nani amekata?"

"Dada mmoja wa mtaa wa pili. Alinunua sokoni. Hakujua."

"Ana mkono huyu." Akagusa ukingo wa sikio la chui. "Hakula hata unywele. Mume wangu naye alikuwa anakata michoro yake ya zamani anatengeneza mipya, humu ndani karatasi haikutupwa. Mwambie sina ugomvi naye. Nilipiga kelele dukani kwa sababu nilidhani nimeanza kuona vitu visivyokuwepo, nikaogopa. Ila mkia autunze."

Wakui akafungua daftari. Swali lililobaki hakulipenda. "Funguo za nyumba hii anazo nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Msaidizi wa kata anakuja mara mbili kwa wiki, ila namfungulia mwenyewe."

"Na nani, Bibi?"

Bibi Kikue akainuka kwenda kutazama birika ambalo alikuwa ameliteleka punde tu. Alijibu akiwa ameupa mgongo mlango wa jikoni. "Anakuja leo mchana. Ananipeleka kuyaona makao. Anasema yana bustani."

"Ningependa kumsubiri."

"Msubiri," akasema Bibi Kikue. "Mimi nitakuwa huku huku."

* * *

Masanori Yasui alikuwa mtu wa adabu. Alikwenda kwanza kupiga magoti madhabahuni, akapiga kengele ndogo, akafumba mikono, ndipo akageuka na kukaa, madhabahu nyuma yake na Wakui mbele yake. Nywele zilikuwa zimeanza kumwacha, na koti lake lilipigwa pasi vizuri.

"Inspekta, kwa kweli tunawasumbua. Nilidhani jalada limefungwa."

"Karibu. Nina mambo madogo ya kujaza. Unasema baba alikuwa anatuma kadi nyingi?"

"Mamia. Wateja, wafumaji, walimu wangu, kila mtu."

"Na una hakika zilitumwa? Hazikuwa zinabaki nyumbani?"

"Nina hakika kwa sababu nilizipeleka mimi." Masanori akatabasamu, na sauti ikapata joto. "Ndiyo ilikuwa kazi yangu, mtoto wa kwanza. Tangu niko darasa la kwanza. Baba ananipa furushi, naenda kutia kwenye sanduku la posta pale kona. Sikukosa mwaka hata mmoja."

"Hongera. Mimi watoto wangu hata takataka hawapeleki." Wakui akaanza kupanga nyuso za kadi juu ya mkeka, moja moja. Masanori akazitazama na kutulia. "Huyu nguruwe?"

"Nilimpeleka."

"Mbuzi?"

"Nilimpeleka. Nakumbuka ilinyesha."

"Na huyu?" Akaweka kichwa cha chui.

"Chui, naam. Huyo ndiye niliyempenda. Nilipeleka furushi lake zima. Nyumba nyingi tu zina chui huyo, Inspekta. Ndiyo maana nawaambia, hizi si lazima ziwe za mama."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Masanori ilikuwa imefikia ukutani. Jikoni birika lilianza kulia na hakuna aliyeliondoa.

"Bwana Masanori," Wakui akasema kwa upole uleule, "tafadhali geuka nyuma, unisomee kibao cha bibi yako."

"Kibao?"

"Tarehe tu."

Akageuka. Wakui aliona mabega yale ya koti la pasi yakisoma, kisha yakihesabu. Mtu akisahau siku ya kuzaliwa bibi yake atasamehewa. Lakini mtoto wa kwanza wa nyumba, ambaye siku moja atakuwa mwenye madhabahu hiyo, anasahauje msiba uliofunga mlango wao Mwaka Mpya mzima? Alikuwa ameipigia kengele dakika tano zilizopita.

Alipogeuka tena, uso ulikuwa umekuwa mwingine. "Nilikuwa mdogo. Nimechanganya."

"Umechanganya. Basi nisaidie. Chui huyu hakutumwa kwa mtu yeyote duniani. Alikuwepo mmoja tu, ndani ya kasha, ndani ya kabati, ndani ya nyumba hii. Kufuli halikuvunjwa. Aliyemuuza ni mwanaume, aliyehakikisha kwanza kwamba atakatwa. Wenye funguo ni wawili, na mmoja wao ni mama yako. Mwavuli nao ulijitia wapi? Na kitabu cha benki kilikwendaje kwenye mchele?"

Masanori akatazama kadi zilizopangwa mkekani.

"Ungeweza kuzitupa tu," Wakui akasema. "Kwa nini sokoni?"

"Kuzitupa wapi?" Alijibu karibu kwa hasira. "Mifuko ya takataka ya mji huu inaonyesha ndani, na mama jirani anaikagua kabla ya gari kuja. Kuchoma... " Akasita. "Kazi ya baba, nisingeweza kuchoma."

"Lakini kukatwa sawa."

"Nisingeona!" Akajifuta uso kwa kiganja. "Inspekta, paa linavuja. Ngazi zile zimeoza, siku moja nitamkuta chini yake. Nimemwomba miaka, mama hama, mama hama, yeye ananipa kachumbari ya figili nirudi nayo kwangu. Na ndiyo, nina madeni yangu, nyumba ingeyamaliza. Yote mawili ni kweli. Na sheria naijua: mtoto akichukua cha mzazi wake, hakuna adhabu."

"Hakuna," Wakui akakubali. "Siwezi kukufunga. Wala sikuja kukufunga. Nimekuja kujua niandike nini."

Birika likanyamaza. Bibi Kikue alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na taulo mkononi, na ilikuwa wazi amekuwepo hapo tangu ilipotajwa kadi ya mbuzi.

"Mama." Masanori akajikokota kwa magoti mpaka miguuni pake. "Mama, sema ulinipa. Sema tu ulinipa ukasahau. Watu wa mtaa watasemaje? Wajukuu wako watasikia nini? Ni neno moja."

Bibi Kikue akamtazama Wakui juu ya kichwa cha mwanawe. "Nikisema nilimpa, inakuwaje?"

"Hakuna wizi, Bibi. Nafunga jalada leo. Na Ijumaa hakimu ataambiwa ulitoa kadi za mumeo mwenyewe, ukasahau, ukaja polisi kulia umeibiwa."

"Na nikisema sikumpa?"

"Hafungwi. Lakini jalada litasema nani alichukua na kwa nini, na hakimu atalisoma."

Wakui alitamani kumwambia ajibu nini. Alitamani sana, mpaka akakunja vidole ndani ya mikono ya koti. Lakini jibu lile halikuwa la polisi, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Bibi Kikue akaketi, taratibu, uso kwa uso na mwanawe. Akamwekea sawa ukosi wa koti.

"Siku uliyozaliwa theluji iliziba mlango," akasema. "Mkunga alipitia dirishani. Alivaa soksi nyekundu, moja imetoboka kidole. Ulilia kabla hujatoka wote, baba yako akacheka huku chini mpaka bibi yako akamfokea. Nakumbuka yote, Masanori. Ningesahau kitu, ningependa kusahau hiki cha leo, na ninajua sitakisahau. Kwa hiyo usiniombe."

"Mama..."

"Andika, Inspekta. Sikumpa. Aliiba."

Wakui akaandika, akamsomea, akaweka karatasi mezani. Bibi Kikue akatoa muhuri wa jina lake kutoka kwenye kimfuko kiunoni, akaupumulia ulainike, akaugusisha kwenye wino mwekundu na kuukandamiza kwa mikono miwili. Jina likatoka zima, wima, bila doa.

Ndipo akaanza kulia.